Denis Burkitt: Daktari aliyeuliza mgonjwa ametoka wapi

MJI wa Naivasha umekaa juu ya mstari ambao wakazi wake wengi hawajapata kuusikia. Mstari huo haukuchorwa na wapimaji wa ardhi, wala na watawala waliokata mipaka ya wilaya. Ulichorwa na daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mtu aliyekuwa na jicho moja tu lenye nuru, aliyetaka kujua kwa nini watoto wa sehemu fulani za Afrika Mashariki walikuwa wakivimba mataya na matumbo huku wenzao wa nyanda za juu wakisalimika.

Mstari wenyewe unapita kwenye kimo cha futi 5,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Naivasha iko kwenye futi 6,200 na Nakuru haiko mbali na kimo hicho. Chini ya mstari huo, kuelekea Ziwa Victoria upande mmoja na Bahari ya Hindi upande wa pili, ugonjwa huo uliwaua watoto wengi. Juu yake, katika Bonde la Ufa la kati na nyanda zinazolizunguka, ulikuwa nadra.

Daktari huyo ni Denis Parsons Burkitt, aliyezaliwa Februari 28, 1911 na kufariki dunia Machi 23, 1993. Ulimwengu unamkumbuka kwa mambo mawili: saratani ya watoto inayobeba jina lake, na kampeni yake ndefu ya kuwahimiza watu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi. Ndani ya mambo hayo mawili mna fundisho la tatu, linalomhusu kila mzazi anayempeleka hospitalini mtoto mwenye tumbo lililovimba. Fundisho hilo ni kwamba tumbo halisomwi peke yake. Husomwa pamoja na mahali mgonjwa alikotoka, chakula anachokula na maradhi yanayotawala katika nchi yake.

Mwana wa mhandisi

Burkitt alizaliwa karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na majengo wa kaunti ya Fermanagh, na wakati wake wa mapumziko aliutumia kuwachunguza ndege. Aliwavisha ndege wadogo wa bustanini pete miguuni, akawafuatilia mmoja mmoja, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege alitawala eneo gani. Kazi hiyo ilimpatia heshima miongoni mwa wataalamu wa ndege. Mwanawe angekuja kutumia mbinu iyo hiyo kuyafuatilia maradhi.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa jiwe usoni na watoto wenzake na jicho moja likaharibika kabisa. Hata hivyo alisoma, akaingia Chuo cha Trinity mjini Dublin kwa nia ya kufuata uhandisi wa baba yake. Hakukaa sana katika fani hiyo. Imani yake ya Kikristo, ambayo hakuiacha hadi kufa, ilimwelekeza kwenye udaktari. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata sifa ya daktari bingwa wa upasuaji mjini Edinburgh.

Alipoomba kazi katika makoloni ya Uingereza, jicho lake lilimfungia mlango. Wakubwa hawakuona namna daktari mwenye jicho moja angeweza kushika kisu. Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyomfungulia njia. Mwaka 1941 alijiunga na kikosi cha matabibu cha jeshi la Uingereza, na huko alihudumu Kenya, Somalia na Ceylon, nchi inayoitwa Sri Lanka siku hizi. Kenya haikuwa ngeni kabisa kwa ukoo wake, kwani ami yake, Roland Burkitt, alikuwa ametibu watu jijini Nairobi kwa miaka mingi na kujulikana kote miongoni mwa walowezi.

Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilimkubali. Mwaka 1946 alipelekwa Lira, katika wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda.

Tumbo lisilongoja

Daktari wa wilaya katika Afrika ya miaka hiyo alifanya kila kitu. Alizalisha, aliunga mifupa, aling'oa meno na kupasua matumbo, mara nyingi bila mwenzake wa kushauriana naye. Katika kazi hizo zote, tumbo la dharura ndilo lililokuwa mtihani mkubwa, kwa sababu halimpi daktari nafasi ya kuandika barua na kungoja majibu.

Mtihani huo haujabadilika sana hadi leo. Mzee huletwa tumbo likiwa limejaa hewa kama ngoma, hajapata choo wala kutoa hewa kwa siku mbili. Huenda sehemu ya mwisho ya utumbo mpana imejisokota kama kamba. Kijana huja na uvimbe kwenye kinena uliokuwa ukiingia na kutoka, na sasa umegoma kurudi ndani na unamuuma: hiyo ni ngiri iliyonaswa. Mwanamke mchanga huanguka ghafla, rangi imempotea na mapigo ya moyo yanakwenda mbio, kumbe mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi na kupasuka. Mwingine ameugua homa ya matumbo kwa wiki kadhaa, kisha maumivu makali yanamshika kwa kuwa utumbo umetoboka.

Utumbo uliokatiwa damu hufa kwa saa, si kwa siku. Ukishakufa, uchafu huvuja, na tumbo zima hushikwa na uambukizo unaoua haraka. Ndiyo maana madaktari wa upasuaji hufundishwa kutosubiri uhakika kamili. Lakini hufundishwa pia kwamba si kila tumbo lililovimba linataka kisu. Utumbo mpana uliojisokota, kwa mfano, ukiwa bado hai unaweza kufunguliwa kwanza kwa bomba linalopitishwa kutoka njia ya haja kubwa, na upasuaji ukapangwa baadaye mgonjwa akiwa ametulia. Ukiwa umekufa, hakuna njia nyingine isipokuwa kuukata na kuuondoa.

Kuamua baina ya mambo hayo mawili ndiko kulikomtofautisha daktari na fundi wa kukata. Burkitt alikuwa na mikono mizuri, lakini kilichomtofautisha na wengine ni mazoea yake ya kujiuliza swali jingine baada ya mgonjwa kupona au kufa: kwa nini ugonjwa huu, kwa nini hapa?

Ramani ya mabusha

Swali hilo lilimpa jibu la kwanza huko huko Lango. Aliona kwamba wanaume waliokuja kutibiwa mabusha walitoka zaidi upande wa mashariki wa wilaya, na wachache mno upande wa magharibi. Daktari mwingine angewapasua na kuwarudisha nyumbani. Burkitt aliwahesabu, akaweka alama kwenye ramani, na kuonyesha kwamba mabusha yalifuata maeneo yenye minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1951 katika jarida la Lancet la Uingereza.

Haikuwa habari ya kutikisa dunia. Lakini alikuwa amejifunza kwamba daktari wa pembezoni, asiye na maabara wala fedha, ana chombo kimoja ambacho bingwa wa London hana. Anao watu wengi mbele yake, na anajua kila mmoja ametoka kijiji gani.

Watoto wawili

Kufikia mwaka 1957 Burkitt alikuwa ameshahamia hospitali ya Mulago, Kampala. Siku moja Dkt Hugh Trowell, bingwa wa magonjwa ya ndani, alimwita wadini akamtazame mtoto wa miaka mitano. Mataya yake yalikuwa yamevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto, na meno yamelegea. Haikuwa kawaida ya usaha, kwa maana usaha haushiki pande nne kwa pamoja. Haikuwa pia kawaida ya saratani alizozijua. Burkitt alipiga picha, na hakuwa na la kumwambia mzazi.

Wiki chache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja. Alipochungulia dirishani alimwona mtoto mwingine ameketi uwanjani na mama yake, uso umevimba vile vile. Alitoka akampima. Safari hii hakuishia kwenye taya, bali alishika na tumbo, na humo akakuta uvimbe mwingine.

Hapo ndipo mambo yalipoungana. Aliporudi Mulago na kufukua kumbukumbu za wagonjwa na za maiti zilizochunguzwa, alikuta kwamba watoto waliovimba mataya walikuwa mara nyingi na uvimbe katika figo, ini, tezi zilizo juu ya figo, au katika vifuko vya mayai kwa wasichana. Hadi wakati huo kila daktari alikuwa ameandika jina la kiungo alichokiona: huyu ana saratani ya taya, yule ya figo, yule ya kifuko cha mayai. Burkitt alisema ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 alichapisha habari za watoto 38 katika jarida la upasuaji la Uingereza. Muda mfupi baadaye mtaalamu wa maabara wa Mulago, Mmarekani Gregory O'Conor, akishirikiana na Jack Davies, alionyesha kwamba chanzo chake ni chembe za mfumo wa limfu, yaani chembe zinazoukinga mwili na maradhi.

Maili 10,000

Burkitt alirudi kwenye ramani. Kwa ruzuku ndogo ya paundi 25 alichapisha vikaratasi vyenye picha za watoto waliougua, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni barani kote, akiuliza kama ugonjwa huo umeonekana huko. Majibu yalipokuja, yalichora mshipi mpana uliokatiza katikati ya Afrika. Lakini mshipi huo ulikuwa na mapengo, na mapengo hayo ndiyo yaliyomsumbua.

Mwezi Oktoba 1961 alifunga safari na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, kwa gari kuukuu aina ya Ford. Walisafiri kwa wiki kumi, wakapita maili 10,000 hivi kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika na kurudi, wakazuru hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika walionyesha picha na kuuliza swali lilo hilo.

Jibu lilikuwa la kimo. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma penye futi 5,000. Kadiri walivyoelekea kusini, ambako baridi huteremka hadi nchi za chini, mpaka nao uliteremka. Alexander Haddow, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa virusi Entebbe, alitambua kwamba kilichotawala hasa kilikuwa joto na mvua. Ugonjwa ulikaa pale ambapo baridi haishuki chini ya nyuzi 15 hivi za Selsiasi na mvua inatosha. Hayo ni makao ya mbu.

Hivyo ndivyo miji kama Naivasha, Nakuru na Nairobi ilivyobaki nje ya ramani ya Burkitt, wakati Nyanza na Pwani zilikuwa ndani. Mtaalamu wa Kimarekani, Gilbert Dalldorf, aliyechunguza habari za wagonjwa wa Kenya, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuihusisha saratani hiyo na malaria.

Upande mwingine wa fumbo ulifumbuliwa London. Mnamo Machi 22, 1961, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wachache waliohudhuria alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, na mara moja walikubaliana vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, waliona kwa darubini ya elektroni virusi vipya ndani ya chembe hizo. Virusi hivyo vilikuwa vya kwanza kutambuliwa kuhusika na saratani ya binadamu.

Sasa inafahamika kwamba virusi hivyo vimeenea duniani kote na karibu kila mtu huvibeba maishani bila madhara makubwa. Penye malaria ya mara kwa mara, kinga ya mtoto mdogo hushindwa kuvidhibiti, na chembe za damu zinazochochewa mfululizo huweza kuharibika na kugeuka saratani. Mstari wa futi 5,000 ulikuwa, kwa sehemu kubwa, mstari wa malaria.

Kisu kinapotakiwa kungoja

Kwa daktari wa upasuaji, jambo gumu zaidi kulikiri ni kwamba ugonjwa aliougundua si wa kisu. Burkitt alijaribu kukata uvimbe wa taya, akaona unaota tena haraka, na mtoto anabaki na uso ulioharibika. Saratani hii ni miongoni mwa zinazokua kwa kasi kuliko zote. Inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Uganda haikuwa na mitambo ya tiba ya mionzi wakati huo.

Kilichobaki kilikuwa dawa za kuua chembe za saratani, ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zikijaribiwa Marekani na Ulaya. Burkitt alipata kiasi kidogo, mara nyingine cha kutosha dozi moja au mbili tu kwa mtoto, akawapa. Uvimbe uliyeyuka mbele ya macho yake. Baadhi ya watoto waliotibiwa kwa dawa kidogo hivyo walipona moja kwa moja. Jijini Nairobi, daktari wa upasuaji Peter Clifford alipata matokeo kama hayo. Afrika Mashariki ilisaidia kuionyesha dunia kwamba saratani yaweza kuponywa kwa dawa pekee.

Lakini tumbo lilileta mitego yake. Uvimbe ulio ndani ya tumbo huweza kuuziba utumbo, kuutoboa, au kuusukuma kipande kimoja kikajiingiza ndani ya kingine kama mkono wa shati uliokunjwa. Hapo upasuaji hauepukiki, na haungoji dawa. Pengine uvimbe ni mkubwa mno, na zikitolewa dawa chembe zake hufa zote kwa wakati mmoja na kumwaga sumu zake katika damu. Figo huelemewa, moyo hupoteza mapigo, na mtoto aliyekuwa anapona hufa kwa sababu ya dawa kufanya kazi vizuri kupita kiasi. Katika taasisi ya saratani iliyoanzishwa Kampala mwaka 1967, madaktari waliomfuata Burkitt walijifunza kumpa mtoto maji mengi ya mshipani kabla ya dawa, kuchunga figo zake saa hadi saa, na mara nyingine kupunguza uvimbe wa tumbo kwa upasuaji kwanza.

Kwa hiyo somo halikuwa kwamba kisu ni kibaya. Somo lilikuwa kwamba tumbo la mtoto aliyetoka kando ya ziwa, lililovimba ndani ya wiki mbili, si sawa na tumbo la mzee lililovimba jana usiku. Mmoja akipelekwa chumba cha upasuaji bila kufikiriwa, huenda akapoteza siku ambazo dawa zingemwokoa. Mwingine akiachwa hadi kesho apigwe picha zaidi, atakufa utumbo ukiwa umeoza.

Magonjwa ambayo hakuyaona

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 akafanya kazi na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza. Angeweza kustarehe na sifa zake. Badala yake alikutana na Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini, aliyeamini kwamba maradhi mengi ya nchi tajiri yalitokana na sukari na unga uliokobolewa. Mawazo ya Cleave yalimkumbusha Burkitt jambo ambalo alikuwa amelishuhudia kwa miaka 20 pasipo kulitilia maanani.

Hospitalini Uingereza, dharura ya tumbo iliyozoeleka kuliko zote ilikuwa kidole tumbo kilichovimba. Katika vijiji vya Uganda, Burkitt hakukiona ila kwa nadra. Vivyo hivyo kwa vifuko vinavyotokeza kwenye utumbo mpana wa wazee wa Ulaya, mawe ya nyongo, na saratani ya utumbo mpana. Zamani alikuwa ameuliza kwa nini ugonjwa fulani upo. Sasa aliuliza kwa nini mwingine haupo.

Aliwaandikia tena madaktari wa hospitali za misheni Afrika na Asia, akiwaomba wamjulishe kila mwezi wameona nini. Pamoja na wenzake aliwapa watu vidonge vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, akapima vinachukua muda gani kupita mwilini. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972, kwa wanavijiji wa Uganda vilipita kwa siku moja na nusu hivi, na kwa mabaharia wa Uingereza vilichukua zaidi ya siku tatu. Burkitt alieleza kwamba mtu asiyekula nyuzinyuzi hupata choo kidogo na kigumu, na kipande chake huweza kukiziba kidole tumbo hadi kikavimba na kuoza.

Nadharia hiyo ilimfanya mashuhuri kuliko saratani. Kitabu chake cha mwaka 1979 kilisomwa na watu wengi wasio madaktari, na viwanda vya vyakula vilianza kusifia bidhaa zenye pumba. Mwaka 1972 alikuwa ameshachaguliwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi wakuu wa Uingereza.

Hapa lazima haki itendeke. Si yote aliyoyasema yaliyothibitika. Kuhusu kidole tumbo, wataalamu wengine wameeleza kwamba mabadiliko ya usafi na maambukizo ya utotoni yana sehemu yake, na hakuna aliyefaulu kuonyesha kwamba ukosefu wa nyuzinyuzi ndio chanzo pekee. Isitoshe, chakula kile kile alichokisifu kina upande wake wa pili. Wapo madaktari wanaoamini kwamba utumbo mpana unaobeba mzigo mkubwa kila siku hurefuka, na utumbo mrefu hujisokota kwa urahisi. Huenda mlo uliomkinga mwanakijiji na kidole tumbo ndio uliochangia kumletea dharura nyingine. Mambo ambayo yamesimama imara ni kwamba nyuzinyuzi hupunguza ugumu wa choo, na kwamba wanaozila kwa wingi hupatwa kwa uchache na saratani ya utumbo mpana na maradhi ya moyo.

Ramani huzeeka

Burkitt alifariki akiwa na umri wa miaka 82 mjini Gloucester, Uingereza, akiwa amemwacha mkewe Olive, muuguzi waliyeoana mwaka 1943, na mabinti watatu. Maswali aliyoyaacha yangali yanaishi, ingawa majibu yake ya zamani yanahitaji kusomwa kwa uangalifu.

Naivasha ni mfano mzuri. Tangu kilimo cha maua kishamiri kandokando ya ziwa, mji huo umevuta wafanyakazi kutoka karibu kila pembe ya Kenya, wakiwamo wengi wa Nyanza na Magharibi. Katika mitaa kama Karagita na Kamere wanaishi watoto waliozaliwa juu ya mstari wa Burkitt na watoto walioletwa juzi kutoka chini yake. Mtoto huvuka mstari huo kwa basi la siku moja, lakini miaka yake ya malaria huja naye. Akianza kuvimba tumbo au taya Naivasha, si busara kumwondolea shaka kwa hoja kwamba ugonjwa huo hauko nyanda za juu. Ramani ilionyesha mahali ugonjwa unapoanzia. Haikuonyesha mahali mgonjwa atakapougulia.

Ndivyo ilivyo hata kwa kidole tumbo. Daktari aliyefundishwa kwamba ni ugonjwa wa Wazungu angefanya kosa la hatari leo. Mkate mweupe, chapati, chipsi na ugali wa unga uliokobolewa ndivyo vyakula vya kila siku mijini, na kidole tumbo sasa ni miongoni mwa dharura za kawaida katika hospitali za miji ya Kenya. Maumivu yanayoanzia kitovuni na kuhamia chini upande wa kulia, yakifuatana na kichefuchefu na homa, hayapaswi kutulizwa kwa dawa za dukani hadi asubuhi.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto mchanga anayelia kwa vipindi huku akikunja miguu, kisha akatoa choo chenye damu na ute, huenda utumbo wake umejiingiza ndani ya mwenzake. Mtoto ambaye meno yamelegea bila sababu, au ambaye nguo hazimwingii tumboni baada ya wiki chache, anahitaji kuchunguzwa upesi. Mtu aliyevimba tumbo na kukosa choo na hewa asipewe dawa ya kuharisha, maana kuusukuma utumbo ulioziba ni kuualika upasuke. Katika hali hizi zote mwendo wa haraka kwenda hospitalini ndio tiba ya kwanza.

Saratani ya Burkitt ingali miongoni mwa saratani za watoto zinazoonekana zaidi magharibi mwa Kenya na pwani, na wengi hufikishwa kwa wataalamu wakiwa wamechelewa. Inasikitisha, kwa sababu ni saratani inayotibika. Dawa zilizowaponya wale watoto wa Kampala na Nairobi zimejulikana kwa zaidi ya miaka 60. Pengo lililobaki ni la muda kati ya siku mzazi anapouona uvimbe na siku daktari anapoutambua.

Pengo hilo halizibwi na mashine pekee. Linaanza kuzibwa na swali ambalo halina gharama, ambalo muuguzi wa zahanati aweza kuliuliza kabla hata ya kumlaza mtoto kitandani: ametoka wapi, amekaa huko miaka mingapi, na amekuwa akila nini. Burkitt aliyajenga maisha yake yote juu ya swali hilo, na hakuhitaji macho mawili ili kuona jibu lake.